Dimbwi, Ahadi na Sumu

Faili langu la kwanza la Kilokele lilikuwa na maneno 412. Programu niliyoiandika mwenyewe ilipomaliza kazi yake, ilinionyesha kwenye kioo: «Imekwisha. Makosa 0.» Nilifunga kompyuta nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kulipa deni. Siku kumi na tisa baadaye koko yangu, mama yake mama, asiyejua kusoma wala kuandika, alinisikiliza nikimsomea ukurasa mmoja wa faili hilo. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba baba yake alimwachia dimbwi la maji.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wa kitivo, hasa wale wanaojiandaa kukusanya maneno, methali au hadithi za lugha za kwao kwa kazi ya mwisho wa mzunguko. Wengi wetu tunadhani ugumu wote uko katika kukusanya: kupata nauli, kumpata mzee mwenye nafasi, kuuliza maswali bila kumchosha. Mimi nimejifunza kwamba neno linaweza kuvuka mto salama, likaingia mjini salama, halafu likapotea ndani ya kompyuta yako mwenyewe, siku ile ile unayosema umelihifadhi.

Walokele ni watu wa mto. Vijiji vyao viko kwenye kingo za mto Kongo, kuanzia karibu na Kisangani na kuteremka kuelekea Isangi. Mimi nimezaliwa mjini. Nimekua na Kiswahili cha nyumbani na Kilingala cha barabarani, na Kilokele nakisikia kuliko ninavyokisema. Ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana hugeuka. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu na kuandika kitabu Talking Drums of Africa mwaka 1949, ndiye aliyeueleza ulimwengu jambo hili vizuri. Mifano yake inajulikana sana. Lisaka, silabi zote tatu zikiwa chini, ni dimbwi la maji. Lisaká, silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Lisáká, silabi mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Tena kuna ile sentensi alambaka boili: kwa toni moja ni mtu aliyetazama ukingo wa mto, kwa toni nyingine ni mtu aliyemchemsha mama mkwe wake. Kwa hiyo ile alama ndogo juu ya irabu si pambo la wataalamu. Ndiyo inayomwokoa mama mkwe.

Nilimrekodi koko yangu kwa simu, kijijini kwake chini ya Yakusu, kwa siku nne. Nilitaka msamiati wa mto na wa uvuvi, pamoja na sentensi moja ya mfano kwa kila neno. Niliporudi mjini nilianza kuandika. Kwa nini sikutumia kaye na biki? Kwa sababu nilitaka baadaye kupanga maneno, kuyahesabu na kuyatafuta, na rafiki yangu mmoja wa informatiki alikuwa amenifundisha Python kidogo. Programu yangu ilikuwa fupi. Iliniuliza neno, ikaniuliza maana kwa Kifaransa, ikaniuliza sentensi ya mfano, halafu ikaandika vyote katika mstari mmoja wa faili la maandishi. Kwa Kilokele nilitumia kibodi ya lugha za Kiafrika niliyoiweka katika kompyuta, ambayo unapiga irabu kwanza na alama ya toni baadaye. Kwa Kifaransa nilirudi kwenye kibodi ya kawaida.

Jioni ya kwanza, kwenye neno la tatu tu, programu ilikataa. Ilikatika na kunitupia mistari myekundu, na mwishoni ikataja kitu nisichokijua: «\u0301». Nilipiga tena, ikakataa tena. Nilimpigia simu rafiki yangu. Alikuwa barabarani, juu ya toleka, nasikia upepo na kengele za baiskeli, akaniambia haraka: «Ongeza errors="ignore" pale unapofungua faili, itapita.» Niliongeza. Ikapita. Sikuuliza ni kitu gani kilichopita na ni kitu gani kilichobaki nje. Simlaumu. Nilimwuliza namna ya kunyamazisha kelele, naye akanijibu hasa nilichouliza.

Baada ya hapo nilipata matatizo matatu, na kila moja niliona nimelishinda kama mwanaume. Nayaeleza hapa kwa sababu yatawapata na ninyi.

La kwanza lilikuwa jioni ya pili. Niliandika maneno 40, nikafungua faili ili nione kazi ya siku mbili, nikakuta maneno 40 tu. Yale 58 ya jana hayapo. Sababu ni herufi moja. Nilikuwa nafungua faili kwa "w". Ukifungua faili kwa "w", Python inalifuta lote kabla hata hujaandika neno moja. Haingojei uandike, kule kufungua kwenyewe ndiko kunakofuta. Anayetaka kuongeza mwishoni hutumia "a". Na anayetaka kuanza faili jipya huku akiogopa kukanyaga la zamani hutumia "x", ambayo inakataa kama faili la jina hilo lipo tayari. Nilirudi kwenye rekodi za simu, nikayaandika upya yale 58.

La pili, programu iliandika bila kulalamika, lakini faili sikuliona. Nilitafuta katika folda ya kazi yangu, nikakuta lile la zamani halijaongezeka hata mstari. Kumbe siku hiyo nilikuwa nimeanzisha programu kutoka mahali pengine. Ukiipa Python jina tupu kama «maneno.txt», inaandika katika folda ambamo programu imeanzishwa, wala si lazima iwe folda ambamo umeiweka programu yenyewe. Maneno yangu yalikuwa yamekaa kwa amani katika folda nyingine. Tangu siku hiyo naandika njia kamili ya faili, na ninaiomba programu initajie mahali inapoandika kabla haijaanza.

La tatu lilikuwa delestaji. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukienda nayo inaenda. Umeme ulipokatika nilikuwa nimeandika maneno 37. Uliporudi, faili halikuwa na hata moja kati ya hayo. Hapa nilijifunza kwamba amri ya «write» haiandiki palepale kwenye diski. Python inayaweka maneno kwanza katika kumbukumbu ya muda, kama mama anayejaza kikapu kabla ya kuondoka sokoni, na inayapeleka kwenye diski kikapu kikijaa au faili likifungwa. Katika Python niliyokuwa nayo kikapu hicho kilikuwa cha baiti 8192, na maneno yangu 37 hayakukijaza. Dawa yake ni kufungua faili, kuandika mstari, na kulifunga kwa kila neno, kwa kutumia «with», ambayo inafunga yenyewe hata kosa likitokea katikati. Anayetaka kuliacha wazi aite «flush» na kisha «os.fsync» baada ya kila mstari. Inachelewesha kidogo sana. Mimi ninayepiga maneno kwa vidole viwili sikuona tofauti yoyote.

Kwa mapambano hayo matatu nikajiona fundi. Nilifika neno la 412. Nikahesabu mistari ya faili: 412. Nikafungua faili nikatupa jicho, nikaona «pêche», nikaona «marée», nikaona «pièce de bois». Alama zote zipo juu ya herufi zake. Simu yangu ilikuwa imejaa, nami nilihitaji nafasi. Nikafuta rekodi zote za siku nne.

Msomaji mwenzangu, tazama tena maneno niliyoyatazama. Yote ni ya Kifaransa.

Nilichapisha kurasa chache kwenye karatasi nikateremka tena kwa koko, kumwonyesha kazi yake na kuhakikisha maana. Yeye huniita «mume wangu», kama makoko wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Alikaa kwenye kigoda chake, akaniambia: «Haya, mume wangu, nisomee.» Nami, kwa kuwa Kilokele changu ni cha kuazima, nilisoma kile nilichokiona kwenye karatasi. Hapakuwa na alama hata moja, kwa hiyo nilisoma yote chini, kama mtu anayehesabu magunia. Nilipofika kwenye sentensi ya mfano ambayo alinipa kuhusu baba yake, aliyekuwa mpiga ngoma, na ahadi aliyomwachia, ahadi hiyo ikatoka kinywani mwangu kama dimbwi.

Alicheka. Mpaka hapo hata mimi nilicheka. Lakini nilipoendelea alianza kunikatiza kwenye kila mstari wa pili: «Hilo si neno.» «Hilo sikulisema.» «Hilo ni kitu kingine.» Maneno mengine hata hayakusomeka, maana irabu zake mbili, ɛ na ɔ, hazikuwepo kabisa, palibaki konsonanti zimebanana. Mwisho akaniambia bila hasira: «Ngoma ya baba haikuwa na mdomo, lakini ilisema sawasawa. Karatasi yako ina mdomo, haisemi kitu.»

Njiani kurudi nilifikiria maneno hayo. Ngoma ya gogo ya Walokele ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Haitoi konsonanti wala irabu. Inachukua toni peke yake, na kwa sababu hiyo wapiga ngoma hurefusha neno moja kuwa fungu zima la maneno ili msikilizaji asichanganyikiwe. Kompyuta yangu ilikuwa imefanya kinyume chake kabisa. Ilichukua konsonanti na irabu za Kifaransa, ikatupa toni. Ngoma walau ilijua kwamba imepoteza kitu, ndiyo maana ilirefusha. Faili langu halikujua. Lilisema makosa 0.

Asistanti wetu mmoja alikubali kukaa nami mchana mzima. Hakuanza na faili. Aliniomba nimwonyeshe programu, akaweka kidole kwenye «ignore», akauliza: «Hii umeiambia ipuuze nini?» Sikuwa na jibu. Akaiondoa, akaandika neno lisaká, na ile mistari myekundu ikarudi kama siku ya kwanza. Safari hii tuliisoma.

Maelezo yake, kwa jinsi nilivyoyaelewa, ni haya. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Ili kugeuza herufi kuwa namba inahitaji jedwali. Usipoiambia Python jedwali gani, katika matoleo tunayotumia inachukua lile la mfumo wa kompyuta, na kwenye Windows iliyowekwa kwa Kifaransa hilo kwa kawaida ni cp1252. Jedwali hilo la zamani lina nafasi 256 tu. Ndani yake é imo, ê imo, ç imo. Lakini ɛ haimo, ɔ haimo, na ile alama ya toni inayosimama peke yake, yenye namba 0301 katika Unicode, haimo. Kibodi yangu ya lugha za Kiafrika ilikuwa inapiga a, halafu 0301. Python ilipofika kwenye 0301 ilipiga kelele: hii siwezi kuiandika. Mimi nikaijibu: basi ipuuze. Ikatii. Ikapuuza kila toni na kila ɛ na kila ɔ, neno baada ya neno, jioni baada ya jioni, huku kwenye kioo nikiona kila kitu kiko sawa, kwa sababu kioo kilikuwa kinaonyesha nilichopiga na si kilichoandikwa.

Kifaransa kilipita salama, Kilokele kikanyolewa. Hakuna mtu aliyekusudia hivyo. Jedwali lilitengenezwa kwa lugha za watu wengine, na mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, ndiye niliyefungua mlango kwa neno moja nisilolielewa.

Dawa yenyewe ni fupi kuliko majuto: encoding="utf-8" kila unapofungua faili, kuandika na kusoma. UTF-8 ina nafasi kwa herufi zote za Unicode. Na «ignore» isiingie kamwe mahali panapoandikwa data ya lugha. Kama programu inakataa, iache ikatae. Ile mistari myekundu niliyoikimbia ndiyo iliyokuwa rafiki wa kweli pekee niliyekuwa naye jioni ile.

Kulikuwa na mtego mwingine, nao nautaja kwa sababu karibu unifanye niharibu faili jema. Baada ya kurekebisha, nilifungua faili jipya kwa Excel, nikaona badala ya ɛ kuna «É›». Moyo ukaniruka. Nilitaka kufuta kila kitu nianze upya. Asistanti akanizuia. Faili lilikuwa sahihi. Excel ndiyo iliyolisoma kwa jedwali lile la zamani. Tulihifadhi nakala kwa «utf-8-sig», ambayo inaweka alama mwanzoni mwa faili ili msomaji ajue ni jedwali gani, na maneno yakatokea vizuri. Kwa hiyo kuna faili baya linaloonekana zuri, na kuna faili zuri linaloonekana baya. Jicho peke yake halitoshi. Andika, funga, kisha fungua tena kwa programu ile ile, usome ulichoandika na ukilinganishe na ulichotaka kuandika, herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata kwa moja, programu isimame na iseme.

Tena jambo dogo la mwisho. Nilipotafuta lisaká katika faili jipya, kompyuta ilisema halipo, nami nililiona kwa macho. Sababu ni kwamba á inaweza kuandikwa kwa namna mbili: herufi moja, au a pamoja na 0301. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili. Python ina amri, «unicodedata.normalize», inayoyaleta maandishi yote kwenye namna moja. Ipitishe kabla ya kuandika, na uipitishe pia juu ya neno unalotafuta.

Hayo yote ni mafundisho mazuri, lakini rekodi nilikuwa nimezifuta. Nilirudi kwa koko mara ya tatu, na safari hii nilikaa siku sita. Tulianza upya kutoka neno la kwanza. Nilimsomea, akanisahihisha, nikaandika, nikasoma tena nilichoandika kutoka kwenye kioo, akakubali au akakataa. Alichoka. Alikuwa na kikohozi, na mara mbili mama mdogo alinifukuza ili apumzike. Maneno mengi tuliyapata, maana koko anayajua maneno yake. Lakini 23 yalikuwa yametoka katika mafungu ya ngoma ya baba yake, ambayo alikuwa ameyakumbuka ghafla siku ya kwanza, katikati ya hadithi nyingine. Nilipomwuliza tena hakujua nilichokuwa nakitaja. Nilimsomea herufi zilizobaki, akazisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. «Yalikuja yenyewe,» aliniambia. «Yakitaka, yatarudi.»

Hayajarudi. Maneno hayo 23 bado yako ndani ya faili langu, bila toni, na mbele ya kila moja nimeweka alama ya kuuliza kwa mkono wangu mwenyewe, ili yeyote atakayelisoma ajue kwamba hapa kuna kitu kilichokosekana na aliyekikosesha ni nani. Katika kazi yangu ya mwisho wa mzunguko nimeyaeleza hivyo hivyo, ukurasa mzima. Rekodi mpya ziko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mama mdogo.

Juzi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinijia na kompyuta yake. Anakusanya methali za Kitopoke, na programu yake ilikuwa imekatika kwa mistari myekundu. Aliniuliza ni namna gani ya kuiondoa. Nilimwambia avute kiti, tuisome kwanza.